Uvuvi Juu ya Barafu: Ushauri wa Bonde la Pangani kwa Ndugu Walio Kwenye Baridi

Mazinde hakuna barafu ila ile ya vifuko vya nailoni inayouzwa madukani kando ya barabara kuu ya kwenda Moshi. Nyuma ya kijiji imesimama milima ya Usambara Magharibi, ambako mwezi Julai mtu hulala na mablanketi mawili bila kuona haya. Mbele yake ni tambarare la mkonge, reli ya Tanga iliyofika Mombo mwaka 1905 na baadaye Moshi, kisha Mto Pangani ukishuka kuelekea Korogwe. Mto huo unatoka Kilimanjaro na Meru. Barafu ya kudumu iliyopo Tanzania, yote, iko huko Kilimanjaro kwenye kilele cha Kibo, nayo inakwisha: mwaka 1912 ilifunika takriban kilomita za mraba 12, na kufikia 2011 zilibaki chini ya mbili. Hata hivyo maji tunayoyachota hapa chini ni ya mvua na misitu kuliko ya barafu ile.

Kwa nini basi msomaji wa Mazinde, Korogwe au Handeni asomeshwe habari za kuvua samaki juu ya ziwa lililoganda? Kwa sababu ziwa hilo limeshaingia kwenye simu zetu. Januari ikifika, ndugu walioko Marekani, Kanada na Ufini hutuma video: watu wamekaa kwenye viti vidogo katikati ya uwanja mweupe, mbele ya kila mmoja tundu la upana wa sahani, mkononi kijiti kifupi chenye mshipi. Huku nyumbani wazee huangalia mara mbili na kuuliza kama yule kijana ana akili timamu. Na vijana walioko huko hujiuliza kama na wao wanaweza kwenda, na waanzie wapi.

Kwa watu wa Handeni jambo hili lina uzito wa pekee. Katika miaka ya 1830 ukame na njaa viliwakumba Wazigua. Simulizi za uzao wao zinasema wengi walidanganywa kwamba kuna kazi na chakula ng'ambo, wakapakiwa majahazini na kuuzwa utumwani katika pwani ya Somalia. Baadhi walitoroka, wakiongozwa katika simulizi hizo na mwanamke aitwaye Wanakhucha, wakaishi katika misitu ya kando ya Mto Juba, wakalima, wakavua, na wakaendelea kusema Kizigua. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 viliwafukuza tena. Wengine walirudi Tanzania, wakapokelewa katika makazi ya Chogo, huko huko Handeni, na wengi wao wakapewa uraia. Wengine walipitia kambi za Kenya, Dadaab na kisha Kakuma, na kuanzia mwaka 2003 takriban watu 12,000 wa jamii pana inayojulikana ulimwenguni kama Wabantu wa Kisomali, Wazigua hao wakiwemo, walipelekwa Marekani. Sehemu yao walifikia Lewiston katika jimbo la Maine, na Burlington katika jimbo la Vermont, ukingoni mwa Ziwa Champlain. Ni miji ambayo kuvua juu ya barafu ni mchezo wa kila familia, kama mpira ulivyo kwetu. Hivyo leo yupo mtu anayeongea Kizigua cha mababu wa Handeni na anayepita kando ya ziwa lililoganda kila asubuhi akienda kazini.

Kwa mtu huyo, na kwa Mtanzania yeyote aliyetua kwenye nchi ya baridi, nina neno moja: yale tuliyofundishwa kando ya Pangani yatamfaa kuliko anavyodhani.

Mtoto wa kando ya mto huu hafundishwi kwanza kufunga ndoano. Anafundishwa pa kusimama. Samaki wapo: perege, ambao jamii yao moja ina jina la Korogwe katika jina lake la kisayansi tangu mwanasayansi Rosemary Lowe alipoieleza mwaka 1955, kambale wa matopeni, na mikunga. Ufito, mshipi, chubwi, boya la kipande cha kandambili na nyungunyungu wa kuchimba shambani vinatosha. Lakini kabla ya yote hayo kuna swali la ardhi iliyo chini ya nyayo. Mamba hamkamati mtu kijijini. Anamkamata palepale maji yanapokutana na nchi kavu, na hasa yule anayerudi pahali pamoja saa ileile kila siku. Kwa hiyo mvuvi mwenye malezi hukaa juu ya kingo, hatua kadhaa nyuma ya maji, habanduki kwenye sehemu iliyo wazi kuingia kwenye magugu, na samaki hampari ukingoni. Njia pana iliyolainika kutoka mtoni kwenda majanini ni njia ya kiboko, na asubuhi mapema mtu hakai kati ya kiboko na maji yake. Maji yaliyotulia yana konokono wa kichocho, kwa hiyo hakuna sababu ya kusimama ndani hadi magotini kwa ajili ya perege wa kiganja kimoja. Na mvua ikipiga Usambara huku chini jua linawaka, mto unaweza kupanda kabla hujakunja mshipi.

Hakuna anayeyasoma haya kitabuni. Unamuuliza mwenyeji, unaambatana na mwenzako, unaaga nyumbani ukisema unakwenda wapi. Ukifika ugenini ambako maji yamefunikwa, utaratibu ni huo huo. Kinachobadilika ni kwamba swali la pa kusimama sasa linajibiwa kwa sentimita.

Tuanze na ziwa lenyewe, maana mtu akielewa linavyoganda hofu yake itakaa mahali pake. Maji yana tabia ya ajabu. Yakipoa yanazidi kuwa mazito, yanazama chini, mpaka yanapofika nyuzi joto 4 za selsiasi. Yakipoa zaidi ya hapo yanaanza tena kuwa mepesi, na yakiganda yanaelea. Ndiyo maana ziwa huganda kuanzia juu. Chini ya ule mfuniko, sakafuni, maji hubaki karibu na nyuzi 4, na samaki wanaendelea kuishi, wakitembea polepole na kula kidogo. Kama barafu ingezama, maziwa ya kaskazini yangeganda hadi chini na yasingekuwa na samaki wa kuvua.

Mfuniko huo hauko sawa kila mahali. Barafu mpya, ngumu na angavu, ile ambayo ukiitazama unaona giza la maji chini yake, ndiyo yenye nguvu. Idara za maliasili za majimbo ya kaskazini ya Marekani, Minnesota ikiwa mojawapo, hutoa vipimo kwa umma: inchi 4, yaani sentimita 10, kwa mtu anayetembea kwa miguu, inchi 5 hadi 7 kwa pikipiki ya theluji, inchi 9 au 10 kwa gari dogo, na zaidi ya hapo kwa malori. Barafu nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa na kuganda, ina nusu tu ya nguvu hiyo, hivyo vipimo vyote vinazidishwa mara mbili. Na wanaotoa vipimo hivi huongeza kila mara kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa. Namsihi mgeni ayachukue maneno hayo kama yalivyo. Mwanzoni asiingie chini ya sentimita 15, na asahau kabisa habari za gari.

Kipimo kinapimwaje? Kwa mtaimbo. Wavuvi wa huko wanao mtaimbo mrefu wenye ncha ya patasi, nao hupiga barafu mbele yao kila hatua chache wanapoingia. Mtaimbo ukipenya kwa pigo moja au mawili, geuka, rudi kwa nyayo zako zilezile. Barafu ikihimili, toboa tundu kwa keekee, ingiza rula yenye ndoano ya kukamata ukingo wa chini, usome. Kisha songa, utoboe tena. Kipimo cha mita kumi kutoka nchi kavu hakikwambii lolote kuhusu mita hamsini mbele. Watu wetu wengi hudhani kwamba wakiona nyayo za mwingine basi njia ni salama. Nyayo zinakuambia kwamba mtu alipita, hazikuambii alipita lini wala alikuwa na uzito gani.

Yapo maeneo ya kuepuka hata kama baridi imekaa wiki tatu. Mdomo wa kijito kinapoingia ziwani. Chini ya madaraja. Kando ya mawe makubwa na magogo yaliyochomoza, kwa sababu yanashika joto la jua. Matete. Chemchemi za chini, ambazo wenyeji tu ndio wanaozijua. Mifereji kati ya visiwa, ambako maji hukimbia. Na mito kwa jumla: Mto Androscoggin unapita kando ya Lewiston, na hata ukionekana mweupe wote, mkondo wake unaitafuna barafu kwa chini. Anayeanza na aende kwenye bwawa au ziwa dogo lenye maji yaliyotulia. Theluji nayo inadanganya. Ikianguka nene juu ya barafu changa, inaifunika isipate baridi, na barafu inaacha kunenepa huku juu panaonekana pazuri.

Mwezi Februari mwaka 2023, katika Ziwa Champlain, wavuvi watatu walikufa ndani ya siku chache baada ya barafu kupasuka. Mmoja wao alikuwa mzee wa miaka 88. Shindano kubwa la uvuvi lililokuwa likiendelea lilikatishwa. Hao hawakuwa wageni wa baridi, na mzee wa umri ule ameona majira ya barafu mengi kuliko atakayoyaona mhamiaji yeyote. Kilichobadilika ni majira yenyewe. Champlain ni ziwa refu, na sehemu yake pana zamani iliganda miaka mingi. Siku hizi mara nyingi haigandi kabisa. Mvua hunyesha Januari. Tarehe ambayo babu alikuwa akiingilia ziwani haiaminiki tena. Sisi wa bonde hili tunalijua jambo hilo kwa upande mwingine, maana vuli na masika navyo vimeacha kufuata kalenda ya wazee. Ndiyo sababu nasisitiza: muulize mwenyeji kuhusu maeneo, lakini unene upime mwenyewe siku hiyohiyo.

Sasa, mtu akitumbukia. Hili lisomwe nyumbani, tena zaidi ya mara moja, kwa sababu ukiwa majini hutakuwa na muda wa kukumbuka. Dakika ya kwanza mwili hushtuka na pumzi hukatika. Watu wengi hunywa maji hapo. Kazi yako dakika hiyo ni kuweka kichwa juu na kuituliza pumzi, si kupigana. Baada ya hapo una kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii. Kuzirai kwa baridi huchukua muda mrefu zaidi, hata karibu saa nzima, kwa hiyo usikate tamaa. Geukia upande uliotokea, maana barafu ile ilishakubeba. Weka mikono juu ya ukingo, piga teke kama muogeleaji mpaka mwili ulale, vuta. Kwa kazi hiyo wavuvi huvaa shingoni vishikio viwili vyenye misumari, vilivyounganishwa kwa kamba. Unavichoma kwenye barafu na kujivuta. Vinauzwa bei ya chakula cha mchana, na fundi seremala anaweza kuvitengeneza kwa vipande viwili vya mti. Ukishatoka usisimame. Jiviringishe mpaka ufike mbali, ndipo utambae, kisha utembee. Nguo zilizolowa zivuliwe, uingie kwenye joto, unywe kitu cha moto kisicho na kilevi, upelekwe hospitali hata kama unajisikia mzima.

Anayeona mwenzake anatumbukia ana mtihani mkubwa zaidi, kwa sababu damu inamwambia akimbie. Asikimbie. Watu wawili hufa hivyo, na tunalifahamu hilo kutoka kwenye visima na mashimo ya vyoo vyetu: wa kwanza akizidiwa, wa pili anaingia kumwokoa, na wa tatu. Piga simu, 911 huko Marekani na Kanada, 112 kwa Ufini. Ongea naye mfululizo. Lala kifudifudi, umrushie kamba, umsukumie ngazi, tawi, au hata skafu. Kamba ya mita 15 iwe mkononi mwa kila anayeingia barafuni, si ndani ya begi. Na jaketi la kuokolea livaliwe juu ya makoti. Linaongeza joto vilevile.

Kuna hatari ya pili ambayo haina uhusiano na maji, na watu wa Lushoto kule milimani hawahitaji kuelezwa sana. Wavuvi hujenga vibanda au husimamisha mahema juu ya barafu, na ndani huwasha majiko ya gesi. Hewa ya sumu ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Ndiyo ileile inayoua familia iliyolala na jiko la mkaa chumbani katika usiku wa baridi milimani. Kibanda kiwe na matundu mawili ya hewa, moja chini na moja juu, na kifaa kidogo cha kupiga kengele hewa hiyo ikizidi. Kichwa kikianza kuuma na wenzako wakilalamika vilevile, tokeni wote, hata kama samaki anavuta mshipi.

Mavazi ndiyo yanayoamua kama mtu atarudi tena wiki inayofuata. Pamba haifai. Jinzi iliyolowa ni adhabu. Ngozini pavaliwe nguo nyembamba ya sufu au ya nailoni maalumu isiyoshika jasho, juu yake sweta zito la sufu, na nje koti na suruali visivyopitisha upepo. Viatu visibane, maana kidole kisichochezeka hakipati damu. Chini ya viatu vifungwe njumu za chuma, kwani barafu isiyo na theluji huangusha watu na kuvunja mikono. Kina mama wanaovaa baibui au dira wavae suruali nzito ndani, na vazi la nje liwe fupi kiasi cha kutonaswa na keekee inayozunguka. Soksi kavu za akiba ziwe kwenye mfuko wa plastiki. Kidole kikigeuka cheupe na kufa ganzi, kipashwe joto kwapani au katika maji ya uvuguvugu. Kisisuguliwe na theluji, wala kisiwekwe motoni.

Nimekaa sana kwenye hatari, na sijutii. Lakini watu hawaendi ziwani kwa sababu ya hatari. Wanakwenda kwa sababu kuna furaha kubwa huko, hasa kwa mgeni aliyefungiwa ndani na baridi tangu Novemba, anayetoka kazini giza limeshaingia, na ambaye hajazungumza na jirani yake miezi mitatu. Ziwani watu huzungumza. Anayepita kwenye kibanda chako atauliza kama samaki wanakula, naye atakuonyesha alichopata. Watoto wanateleza, wanakunywa chai ya moto ya chupa, wanapiga kelele bendera ikiinuka.

Bendera hiyo ni ya mtego. Mtego unakaa juu ya tundu, mshipi ukiwa chini na chambo hai. Samaki akivuta, kibendera kinaruka juu, na watu wanakimbilia. Aliyezoea mgono anaoutega na kuuacha atauelewa mara moja. Njia ya pili ni kijiti kifupi cha mkononi, kisichozidi urefu wa mkono, chenye mshipi mwembamba sana. Hapa ujuzi wa perege unasaidia kweli. Samaki wa maji ya baridi hana haraka, hivyo ndoano iwe ndogo, chambo kidogo, mkono mwepesi. Shusha mpaka chubwi iguse sakafu, inua kama nusu mita, tikisa kidogo, tulia. Mara nyingi anachukua wakati umetulia, na utakachohisi ni uzito tu, si mvuto. Ukikaa nusu saa bila kitu, usilaumu bahati, hama. Wavuvi wazuri hutoboa matundu mengi mapema, mengine yakiwa kwenye kina kifupi na mengine kwenye kina kirefu, kisha huzunguka kimya. Tundu likianza kuganda, wanazoa vipande kwa upawa wenye matobo.

Watakaokuja mara nyingi ni samaki wadogo wa rangi ya njano wenye milia ya kijani, wanaotembea kwa makundi. Ukipata mmoja, rudisha mshipi upesi. Kuna pia samaki mrefu mwenye meno makali, ambaye anahitaji koleo ili kumtoa ndoano bila kupoteza kidole. Na wapo trauti, jamii ya wale Waingereza waliowapandikiza katika mito ya Kenya kuanzia mwaka 1905. Saa za kula ni asubuhi na jioni, ila jioni ya huko isikushangaze: mwanzoni mwa Januari, Lewiston jua linatua kama saa kumi na robo alasiri. Anayeswali ataiona magharibi imefika huku bado anahesabu kwamba ni mchana. Mgeni aweke nia ya kuwa nchi kavu kabla ya hapo, kwa sababu gizani nyayo zako huzioni na wala nyufa huzioni.

Sheria ziko wazi na zinafuatwa. Marekani kila jimbo lina leseni yake, idadi yake ya mishipi, ukubwa wa samaki wa kuchukua, na kanuni kali kuhusu kubeba chambo hai kutoka ziwa moja kwenda jingine, kwa kuogopa magonjwa na samaki wageni. Hata kibanda kinatakiwa kuandikwa jina la mwenyewe, na kuondolewa kabla barafu haijaachia. Askari wa wanyamapori atakuja mpaka kwenye kiti chako, atasalimia kwa upole, ataomba leseni. Kwa anayetaka kuonja kwanza kabla ya kutoa pesa, Vermont ina siku ya bure, Jumamosi ya mwisho ya Januari, ambapo mtu asiye na leseni anaruhusiwa kuvua na idara yenyewe huandaa tamasha la kufundisha wanaoanza, vifaa vikiwapo. Maine nayo hufungua wikiendi moja ya Februari. Ufini ni rahisi zaidi: kuvua kwa kijiti na tundu la barafu ni haki ya kila mtu, raia na mgeni, bila leseni, isipokuwa sehemu chache zilizokatazwa.

Ningekuwa na mdogo wangu Burlington ningemwambia aanzie kwenye tamasha hilo. Hapo barafu imeshapimwa na wenye kazi yao, kuna wa kumshika mkono, na atajua kwa saa tatu kama jambo hili ni la moyo wake. Keekee, hema na kifaa cha kuonyesha samaki kwenye skrini visubiri mwaka wa pili. Vya kununua mwanzo ni vile vya kurudi nyumbani: vishikio vya misumari, njumu, kamba, jaketi. Kijiti kitaazimwa. Na asiende peke yake, wala wasitembee wameshikana mikono au kukaa kundi zima mahali pamoja. Waachane hatua kadhaa, uzito ugawanyike.

Halafu kuna sufuria. Wale samaki wa njano wana nyama nyeupe, tamu, isiyo na harufu ya tope. Wapae, wapake chumvi, ndimu na kitunguu saumu, kaanga kwa mafuta ya moto mpaka mifupa myembamba ikauke. Wakubwa wenye meno wanafaa kwa nazi. Ila maziwa mengi ya kaskazini yana zebaki inayojikusanya katika samaki wakubwa na wazee, na idara za afya za majimbo hutoa orodha ya nani ale nini mara ngapi. Mama mjamzito, anayenyonyesha na watoto wadogo wale samaki wadogo, na kwa kiasi kilichoandikwa. Orodha hiyo huenda imetafsiriwa kwa lugha kadhaa, na zahanati ya mtaa itakusaidia kuisoma.

Ugali wa kulia haukosekani. Lewiston jumuiya ya Wabantu wa Kisomali ina mashamba yake ya ushirika, na mahindi ya unga wanalima wenyewe. Wanapanda theluji ikishayeyuka na kuvuna kabla ya baridi, kwa hiyo samaki wa kwanza wa Januari anakuta unga umeshasagwa.